Mtoto Aliyeiamkia Njia Tupu

Simu ya Masanja ilinikuta wodini saa sita mchana, nikiwa katikati ya kuwafokea wanafunzi wawili wa uuguzi. Mmoja wao alikuwa amembana mtoto kidoleni kile kidude kidogo cha kupima hewa kwenye damu, namba ikatokea, akaiandika, akageuka kuondoka bila kumtazama mtoto mwenyewe usoni. "Mngoje kwanza mumwone anavyokaa," nilikuwa nawaambia, "mumwone anavyotembea, anavyosimama," na hapo ndipo simu ikaanza kutetemeka mfukoni mwa gauni langu. Masanja hakuzungusha maneno. "Sista, mama amepumzika. Asubuhi hii. Tunazika kesho, nyumbani." Nikakaa juu ya kitanda kisicho na mgonjwa, na wale wanafunzi wakadhani nimeugua ghafla. Bibi Nyanzala, mama yake Masanja, hakuwa ndugu yangu, wala sikuwahi kukaa kwake zaidi ya saa chache kwa mkupuo. Lakini ndiye binadamu pekee aliyewahi kunifukuza uani kwa mwiko wenye ugali wa moto, na nikijiuliza ni lini hasa nilianza kuwa nesi, sura yake hunijia kabla ya cheti changu. Kesho alfajiri nitapanda basi la Geita kwenda Buseresere. Leo sina ninaloweza kufanya zaidi ya kukumbuka.

Nimefikisha miaka arobaini. Wenzangu wakikumbuka ujana hukumbuka harusi na miziki. Mimi nakumbuka mwaka mmoja katika zahanati yenye vyumba vinne, na kila nikiukumbuka moyo hunienda mbio. Nimejichunguza tangu mchana nione kama ni huzuni, nikakuta ni ile furaha ya zamani imeamka, na nimeona aibu kidogo, maana mtu amekufa. Lakini nisiposema ukweli nitakuwa nimeandika bure. Ulikuwa mwaka wa kukimbia. Nilikimbia pekupeku, nilikimbia na karatasi mkononi, nilikimbia juu ya pikipiki. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka chuoni na vitabu vyangu vimefungwa kamba, na nilijiona hakuna nisichokijua.

Zahanati yenyewe ilikuwa kijijini, mwendo wa nusu saa kwa baiskeli kutoka Buseresere, mahali ambapo barabara ya Biharamulo husikika kwa honi tu. Nilipewa chumba kwa nyuma, kimepakana na chumba cha sindano, na ukuta kati yetu haukufika darini. Kwa hiyo nilikuwa nikilala na harufu ya spiriti, nikiamka na maneno ya wanawake waliowahi foleni. Waliongea Kisukuma wakichanganya na Kiswahili, na mimi, mtoto wa Kagongwa niliyekua na Kisukuma, nilisikia yote: nani ameachwa, ng'ombe wa nani ameingia kwenye pamba ya nani, nani mumewe ameondoka kufuata rashi, yaani dhahabu mpya ikigunduliwa mahali watu wote wakahamia huko kama siafu. Waliniletea michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, nikavichemsha na karanga zilizotwangwa nikala asubuhi na jioni, na hadi leo nikivila naona ile dari. Bosi wangu alikuwa tabibu wa siku nyingi, Mzee Lubango, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi sikio moja. Kwake kila kikohozi cha mtoto kilikuwa nimonia mpaka mtoto mwenyewe athibitishe vinginevyo. Mimi niliamini hivyo hivyo, tena kwa kelele zaidi.

Katika foleni hiyo ndimo nilimomfahamu Limi. Alikuwa na miaka saba, mwembamba, macho makubwa, analelewa na bibi yake huyo Nyanzala kwa sababu mama yake alikuwa amefariki na baba yake, Masanja, yuko machimboni. Kijiji kizima kilimjua kwa jambo moja: adabu. Kwetu Usukumani binti akimkuta mkubwa huchuchumaa au hupiga goti, na salamu zenyewe si za kupita. Mwangaluka, mhola, za nyumbani, za ng'ombe, za mvua, za mgonjwa wenu, mpaka miguu ife ganzi. Watoto wengi huchuchumaa kwa kulipua, matako hayajashuka sawasawa tayari wameinuka. Limi alishuka mpaka chini, magoti yamekusanywa kifuani, kichwa kimeinama, na mkubwa akimaliza salamu zake zote yeye bado yuko pale pale, ametulia. Wazee walimpenda mno. "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo," wanawake wa foleni walikuwa wakisema, na Bibi Nyanzala akisikia hivyo hurekebisha kitenge chake begani na kutazama pembeni, kama mtu asiyependa sifa. Alizipenda sana. Alikuwa mjane, hana ng'ombe wengi wala mwana tajiri, na mtoto huyo ndiye aliyekuwa heshima yake mbele za watu.

Nami, ole wangu, nilimfanya fimbo ya kuwachapia wengine. Mtoto akiingia kwenye chumba cha sindano bila salamu nilikuwa nampigia kelele: "Kamwone Limi wa Bibi Nyanzala anavyoamkia watu!" Nilimwambia hivyo hata mtoto wa miaka mitatu. Na wakati nasema hayo, kadi ya Limi ilikuwa mezani kwangu, imeandikwa kwa mkono wangu mwenyewe: nimonia, nimonia, malaria, nimonia, na mara moja pumu, ikiwa na alama ya kuuliza. Kila baada ya wiki kadhaa alikuja anahema, namhesabia pumzi kwa dakika nzima kama nilivyofundishwa, nampa dawa, anarudi nyumbani, anakuja tena. Mara moja nilimwambia atoe ulimi, nikaona ni wa zambarau, nikacheka. "Umekula zambarau za watu wewe!" Hakunijibu, kwa kuwa mtoto mwenye adabu hambishii mkubwa. Zambarau zilikuwa zimekwisha mitini zaidi ya mwezi. Usilolijua ni usiku wa giza, wanasema, ila mimi nilikuwa na taa na nikaizima mwenyewe.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, jua limeshapanda. Nilikuwa dirishani kwangu nachambua dagaa. Njia ya kisimani ilipita nyuma ya zahanati, ikapanda kilima kidogo, na nikamwona Limi anakuja na kidumu chake, kile cha mafuta ya kula, kidogo tu. Katikati ya mwinuko akasimama, akakitua kidumu, akachuchumaa. Magoti kifuani, kichwa chini, ile ile adabu yake. Nikanyoosha shingo nione ni mzee gani amekutana naye. Hapakuwa na mzee. Nikatoa kichwa chote nje. Hapakuwa na mtu yeyote, kuna njia tupu na mbuzi mmoja amefungwa kamba, tena amegeukia upande mwingine. Mtoto akakaa vile vile muda mrefu, akainuka, akapiga hatua labda ishirini, akachuchumaa tena. "Huyu anamwamkia nani?" niliwauliza dagaa. Na hapo ukanijia ukurasa mmoja, mmoja tu, katika kitabu cha chuo, wenye picha iliyochorwa kwa wino ya mtoto aliyechuchumaa. Nilikuwa nimeusoma kwa ajili ya mtihani, nikafaulu mtihani, nikausahau. Niliwamwaga wale dagaa wote.

Nilimfikia pekupeku, nimejaa vumbi. Aliponiona akataka kuinuka ili achuchumae upya vizuri. "Shikamoo, Nesi." "Marahaba. Limi, ulikuwa unamwamkia nani hapa?" Akatazama kulia, akatazama kushoto, kama mtu aliyekamatwa na mali ya wizi. "Hakuna mtu," akasema. "Sasa unachuchumaa nini?" "Napumzika." "Si upumzike umesimama?" Akatikisa kichwa. "Nikisimama kifua kinakuwa kidogo. Nikichuchumaa kinarudi." Nikapiga magoti mbele yake, mimi mkubwa mbele ya mtoto, na mbuzi ni shahidi. "Mbona hukumwambia bibi?" Hilo alilijibu polepole, kwa siri. "Watasema mvivu. Nikikaa chini tu wanasema mvivu. Lakini nikimwamkia mtu hakuna anayesema kitu." Kisha, kwa kuwa nilikuwa sijamgombeza, akaniambia yote. Kwenda shuleni hakupita njia fupi. Alipita njia ya wazee. Kwanza nyumba ya balozi wa nyumba kumi, halafu kwa bibi mmoja kipofu ambaye salamu zake huenda mpaka kwenye ukoo wa mama, halafu kwa fundi baiskeli ambaye huwa hana wateja. Alikuwa amepanga vituo vyake vya kupumzikia nyumba kwa nyumba, na kijiji kizima kikadhani kinaheshimiwa. Nilicheka na kulia kwa wakati mmoja, na sijui hata leo ni kipi kilianza.

Nilimbeba mgongoni hadi ndani. Safari hii nilimtazama. Ulimi, zambarau. Kucha, zimejipinda, na ncha za vidole zimevimba kama vijiti vya kupigia ngoma. Vidole hivyo hivyo nilikuwa nimevichoma kutafuta malaria mara sijui ngapi. Nilimwekea kiganja kifuani nikasikia mtetemo. Mzee Lubango akaja na kipimo chake cha masikioni, akasikiliza, akahamisha, akasikiliza tena, kisha akanipa mimi. Palipotakiwa kuwa na mapigo mawili safi palikuwa na mvumo, shwaa, shwaa, kama mtu anafagia ua. Mzee alivua miwani yake na ule uzi. "Huyu tumekuwa tukimtibu nini mwaka mzima?" aliuliza. "Nimonia." "Nani alisema nimonia?" "Sisi." Akaanza kuandika barua ya rufaa kwenda hospitali kubwa ya Mwanza, na aliiandika kwa herufi kubwa, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

Jioni ile nilikwenda kwa Bibi Nyanzala kifua mbele, nimeshika barua, nikiamini nakwenda kushangiliwa. Alikuwa anasonga ugali uani, Limi yuko kando anapepeta mtama kwa ungo mdogo. Nikaamkia, nikaitikiwa vizuri, nikapewa kigoda. Kisha nikasema, kwa ule ujinga wa mtu mwenye cheti kipya, "Bibi, ile si adabu. Ni ugonjwa wa moyo." Mwiko ukasimama chunguni. "Rudia," akasema. Nikarudia. "Kwa hiyo nilichomfundisha mimi ni ugonjwa? Miaka saba watu wananisifu ugonjwa?" "Bibi, sikumaanisha..." "Ulipokuwa unawaambia watoto wa watu wamwige, ulikuwa unawaambia waige ugonjwa?" Akainuka na ule mwiko, ugali unadondoka, akinielekeza nje ya uzio wa minyaa, akiniita mchawi mwenye gauni jeupe, na majirani wakaanza kutokeza vichwa. Nami nikarudi nyuma kinyumenyume nikisema samahani, samahani, mayu, mama yangu, samahani.

Limi alianza kulia. Alilia kwa nguvu, kilio cha mtoto anayeona watu wawili anaowapenda wakigombana kwa ajili yake, na ghafla kilio kikakatika. Nikageuka. Midomo ilikuwa imebadilika kabisa, macho yamepanda, anahema kwa pupa na hewa haimfikii. Bibi aliachia mwiko. Nilimrukia yule mtoto, nikamlaza, nikamkunja magoti mpaka kifuani nikamshika hivyo kwa mikono yote miwili, namwimbia sijui nini. Jirani mmoja akapiga kelele kwamba namnyonga. "Mwache!" Bibi Nyanzala alimkemea, akapiga magoti upande wa pili, akaniangalia mikono. Tulikaa vile muda mrefu kuliko nilivyowahi kukaa popote. Kisha kifua kikaanza kushuka na kupanda taratibu, na midomo ikarudi kuwa midomo. Bibi alimtazama mjukuu wake alivyojikunja. "Ndivyo anavyochuchumaa," akasema kwa sauti ndogo. "Ndivyo, bibi. Akikaa hivi damu inapata njia ya kwenda kwenye mapafu. Ndicho kinachomrudisha." "Na kuchuchumaa alifundishwa na nani?" Nikamwangalia. Hakuwa ananiuliza kwa hasira tena, alikuwa anaomba. "Na wewe," nikasema. "Ungemlea bila adabu asingejua kukaa hivi mapema, na pengine tusingekuwa naye." Sijui kama kitabu kingenikubalia, maana watoto hawa hujigundulia wenyewe. Lakini nililiamini wakati ule na sijaacha kuliamini. Akageukia chungu, akasema, "Ugali umeungua. Ingia ule nsansa na uliobaki." Tulikula majani yale ya kunde kwa karanga watatu chunguni, na asubuhi tukaondoka kwenda Mwanza.

Siku zile tulivuka kwa kivuko, na Bibi alishika reli kwa mkono mmoja na mjukuu kwa mwingine mpaka ng'ambo. Hospitalini tulikutana na Daktari Imelda, mwanamke kijana, aliyenizidi umri kidogo tu, mwembamba, mwenye kasi, na nilimpenda papo hapo kwa sababu jambo la kwanza alilofanya ni kukaa chini sakafuni akamwuliza Limi ni nyumba ya nani ina salamu ndefu zaidi. Kisha akatuingiza kwenye chumba chenye mapazia mazito, akampaka mtoto mafuta baridi kifuani, akapitisha kipimo, na moyo wa Limi ukatokea kwenye kioo. Nimeuona moyo mara nyingi tangu hapo. Ule wa kwanza sijauzoea. Ulikuwa unacheza. Vali zilikuwa zinafunguka na kufungika, rangi nyekundu na bluu zinapita, na Daktari Imelda akawa anatuonyesha kwa kalamu: hapa kati ya vyumba viwili vya chini kuna tundu, na hapa njia ya kupeleka damu kwenye mapafu imebana, kwa hiyo damu isiyo na hewa inapita tunduni na kurudi mwilini hivyo hivyo. Bibi alisogeza uso karibu na kioo. "Huyo ndiye Limi?" "Ni moyo wake, bibi." "Mbona unafanya kazi sana hivyo?" "Ndiyo shida yake," daktari akajibu. Akatueleza kwamba unatengenezeka. Dar es Salaam walikuwa wanakuja mabingwa wa kupasua mioyo ya watoto, nafasi moja anaweza kuiombea, ila anahitaji ridhaa ya baba mzazi kabla ya wiki kwisha. Bila upasuaji, alisema akiniangalia mimi ili asimwangalie bibi, mtoto huyu hatafika utu uzima, na mshtuko kama ule wa juzi unaweza kumchukua siku yoyote. Bibi Nyanzala alifunga fundo la kanga yake na kulifungua. "Kifua cha mtoto kufunguliwa siwezi kulisema mimi," alisema. "Mtafute mwanangu. Akisema ndiyo, ni ndiyo."

Ndiyo maana nasema ulikuwa mwaka wa kukimbia. Niliwaacha wodini, nikavuka tena ziwa, nimekumbatia bahasha kubwa ya kaki yenye picha ya eksirei, nikafika Geita, nikapanda bodaboda kwenda kwenye rashi mpya porini. Mji mzima wa maturubai ulikuwa umeota pale kwa miezi miwili: mama lishe, vinyozi, makanisa mawili, msikiti wa mabati, na katikati mashimo ya wachimbaji, ambayo wao huyaita maduara. Nikamwulizia Masanja. Wakajitokeza Masanja wanne. Nikasema Masanja mwenye mtoto anayeitwa Limi, na mmoja, mrefu, amejaa udongo mwekundu mpaka kope, akasogea mbele. "Amekufa?" aliuliza. "Hajafa." Akakaa chini palepale.

Nikaitoa ile picha. Hapakuwa na taa ya kuitazamia, kwa hiyo Masanja akaiinua dhidi ya jua, na wenzake wakamzunguka, kama kumi hivi, wote kwenye mabuti ya mpira na kofia. "Mbavu hizi," nikaonyesha, "na moyo ni huu mweupe." Wakaukazia macho. "Mbona una umbo la buti?" akauliza mmoja. Na kweli, ndivyo vitabu vinavyosema, moyo wenye ugonjwa huo hutokea kwenye picha ukiwa na ncha iliyoinuka, kama buti limesimama. Nilikuwa sijamwambia mtu. Nikawachorea kwenye bahasha mchoro wa Daktari Imelda, vyumba vinne, tundu, na ile njia iliyobana. Hapo nilitegemea maswali ya uchawi, nilikuwa nimeyaandalia majibu njia nzima. Masanja aliuangalia mchoro muda mrefu. "Hii naijua," akasema. "Duara letu limetobokea kwa jirani. Maji yake machafu yanaingia kwetu. Na njia ya hewa imebanwa na kifusi." "Ndiyo hiyo hiyo!" mwenzake akadakia. "Sasa wanaziba tundu kwanza?" "Hapana bwana, ukiziba kabla hujapanua njia ya hewa, presha yote inabaki ndani, utaua watu." "Wafanye yote siku moja." "Siku moja haiwezekani." "Inawezekana mkiwa na timu." Nilisimama katikati ya wanaume wale, jua linawaka, mashine za kusaga mawe zinanguruma, na nikasikia jopo la madaktari bingwa likijadili upasuaji wa moyo wa mtoto likiwa na sururu begani. Sijawahi kusikia mjadala mzuri kuliko ule, hata kwenye makongamano niliyohudhuria baadaye. "Sista," Masanja akaniuliza, "hao wa Dar wanajua kupanua njia bila kuangusha kuta?" "Wanajua." "Umewaona?" "Sijawaona," nikasema, kwa sababu alistahili ukweli. Akawatazama wenzake. Niliambiwa jioni ile kwamba duara lao lilikuwa limeanza kuonyesha dhahabu, siku mbili tatu tu na wangekuwa kwenye mawe yenyewe. "Nenda," mkubwa wao akamwambia. "Jiwe halitembei." Akasaini fomu akiilaza juu ya kofia yake, akaacha alama ya kidole cha udongo ambayo haikufutika.

Siku ya kuwasindikiza baba na mtoto kwenye basi la Dar es Salaam, Bibi Nyanzala alimwinamia mjukuu wake, akamshika mashavu. "Huko uendako usimwamkie mtu," alimwambia. "Ukichoka kaa chini. Wakikuuliza, sema bibi amekataza salamu." Wanawake waliokuwa karibu waliguna, maana hayo si maneno ya kumwambia binti. Yeye hakugeuka kuwatazama. Basi lilipoondoka alirudi nami zahanati, na tangu siku ile hadi ya upasuaji alikuja kila asubuhi akakaa kwenye benchi la foleni kama mgonjwa, bila kuumwa, na Mzee Lubango akawa anampa chai bila kumwuliza.

Simu ilishika kwenye kichuguu kimoja tu nyuma ya ofisi ya kijiji. Siku yenyewe tulikuwa juu yake tangu saa mbili, mimi, Bibi, Mzee Lubango, balozi, na yule fundi baiskeli asiye na wateja, na kila aliyepita njia alijiunga. Saa tisa alasiri ikaita. Kwa haraka nikabonyeza kitufe kibaya, ikakatika, watu wakapiga yowe, ikaita tena. "Sista, wamemaliza," Masanja alisema. "Yukoje?" "Ulimi." "Ulimi umefanya nini? Masanja, ulimi umefanya nini?" Alikuwa analia hawezi kusema. "Mwekundu," akasema mwishoni. "Ni mwekundu, Sista." Nilipiga kelele ambayo sijui niliitoa wapi. Bibi Nyanzala hakupiga kelele. Alishuka kichuguuni, akakaa kwenye majani, akanyoosha miguu yote miwili mbele yake, na akasema wabeja, wabeja, asante hiyo ya kwetu, mpaka balozi akamwambia inatosha, Mungu amesikia.

Limi alirudi, akapumzishwa kama daktari alivyoagiza, akaruhusiwa shule muhula uliofuata. Mwaka ulikuwa unakwisha, barua yangu ya uhamisho kwenda Geita imeshafika, nami nilikuwa nafunga vitabu vyangu kwa kamba asubuhi moja Bibi Nyanzala alipoingia chumbani kwangu bila kubisha. Alikuwa na barua kutoka kwa mwalimu mkuu na hakujua kusoma. Uso wake ulikuwa mgumu. "Soma," akasema, "usinifiche." Nikaifungua kwa hofu, nikidhani Limi ameanguka darasani. Nikasoma. Mwalimu mkuu alisikitika kumjulisha mlezi kwamba mwanafunzi Limi Masanja anapiga kelele darasani. Anawasukuma wenzake bombani. Amekanywa mara tatu kuhusu kukimbia mbele ya ofisi ya walimu na hajasikia. Juzi, wakati wa mapumziko, alipanda mpera wa shule, akachana sketi, na alipoamriwa ashuke alikataa. Mlezi afike shuleni bila kukosa.

Niliinua macho. Mikono ya bibi ilikuwa imeshika kitanda changu pande zote mbili, na midomo inamcheza. Sikujua kama anataka kulia au kunifukuza tena.

"Soma tena pale pa mti," akasema.

Nikasoma tena pale pa mti.

"Mti wenyewe ni mrefu?"

"Ni mrefu, bibi."

"Alifika wapi?"

Nikaitazama barua. Mwalimu alikuwa mtu makini, hakuacha kitu. "Kileleni," nikasema. "Ameandika kileleni."

"Soma tena," akasema Bibi Nyanzala.